Nyumba ya Kisesa na Mvua Tuliyoingoja

Nimestaafu udalali wa nyumba nikiwa na umri ambao wenzangu niliosoma nao chuo bado wanasambaza bahasha za maombi ya kazi. Mzee Luhende, aliyenifundisha kazi hii, alicheka nilipolitumia neno hilo mbele yake. "Kustaafu ni kwa watu wanaoumwa mgongo," alisema. "Wewe umechoka tu kuuliza maswali." Halafu akaniomba niwaandikie kitu vijana wawili waliokuja kushika nafasi yangu. Nimekubali. Vyeo sitavigusa, maana ofisi yetu pale Mirongo, mjini Mwanza, ilikuwa na viti vitatu, na kimoja kilikuwa cha wateja.

Niliingia pale nikiwa na shahada ya jiografia na imani kwamba dalali ni mtu anayekaa katikati ya watu wawili ili wasisikilizane. Nilipanga kukaa mpaka nipate kazi ya maana. Siku ya kwanza nilimuuliza Luhende kwa nini mtu amhitaji yeye wakati picha za nyumba zote ziko kwenye simu. Alichukua koti lake la mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka, akasema, "Twende, msomi." Jina hilo sijalivua mpaka leo.

Tulipanda mitaa ya mawe hadi kwenye nyumba iliyokuwa inauzwa. Nilitegemea tuanze kwa mwenye nyumba. Yeye alipitiliza, akabisha kwa jirani na kuomba maji ya kunywa. Mama mmoja akamletea kikombe. Kabla hajakimaliza tulikuwa tunajua bomba linatoka siku gani, nani amegombana na nani kuhusu mpaka, na kwamba mke wa muuzaji hana habari kuwa nyumba inauzwa. Luhende akashukuru, akarudisha kikombe, tukaondoka bila kumsalimia muuzaji.

"Hatuingii?" nilimuuliza.

"Tuingie tukamwambie nini mke wake?"

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kunyamaza. Katika kila nyumba, alisema, kuna chumba ambacho mteja ataingia na maneno yatamwisha. Huenda ni jiko, huenda ni kibaraza tu. Hapo dalali mbaya ndipo anapoanza kuimba sifa. "Wewe nyamaza. Hapo mteja hatazami nyumba, anatazama maisha yake. Mwache atazame."

Mengine nilijifunza mwenyewe. Nyumba ikiandikwa iko dakika tano kutoka lami, uliza dakika za nani, maana mwendesha bodaboda na mama mwenye mzigo hawana dakika zinazofanana. Ikiandikwa inatazama ziwa, uliza kama ni lazima upande juu ya simtanki ndipo ulione.

Lakini kitu kilichomtofautisha Luhende na madalali wengine wa mji huu ni mvua. Hakuuza nyumba yoyote asiyoiona ikinyeshewa. Miaka mingi kabla yangu alimuuzia fundi cherehani nyumba ya bondeni wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliingia kwa ukuta wa nyuma na kutokea mlango wa mbele. Luhende akaenda na ndoo kusaidia kuyatoa. Mvua ya pili akaenda tena. Mke wa yule fundi hakumtukana hata siku moja. Kila walipomaliza alimwekea chai, na Luhende aliniambia chai ile ndiyo iliyomfundisha kazi. Tangu hapo akawa na koti la mvua, na kijiweni wakampa jina la Mzee Masika.

Aliyempa jina hilo alikuwa kijana tuliyemwita Spidi, aliyeweza kuonyesha nyumba, kuiuza na kubadilisha namba ya simu kati ya asubuhi na jioni. "Mzee Masika, leo jua kali, umefunga ofisi?" alikuwa akipiga kelele kila akitupita.

"Spidi, wateja wako wameshajua kuogelea?" Luhende alikuwa akijibu bila kuinua kichwa.

Mimi sikuipenda kanuni ile. Nilimwambia kuwa mteremko unaweza kusomwa hata kiangazi, na mchanga unaonyesha njia ya maji. Kwa nini mteja asubiri miezi?

"Mchanga unakuonyesha yalikopita zamani," alisema. "Mimi nataka kujua yatapita wapi mwaka huu."

Tulibishana hivyo kwa muda mrefu, mpaka msimu mmoja alipomzuia kijana mwenye mchumba kununua nyumba ya kuvutia kule Igoma. Kijana alinuna. Mvua ilipokuja, ukuta wa uzio ulilala chini wote, na yule kijana akaja ofisini na soda za kushukuru. Baada ya hapo niliacha kubishana. Niliona nimekomaa. Sasa nadhani ndipo nilipoanza kuharibika.

Mwalimu Adelina alikuja ofisini mwisho wa kiangazi. Alikuwa mwanamke wa Kagera aliyekuwa amemaliza miaka yake ya kufundisha, na maisha yake yote ya Mwanza alikuwa mpangaji. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, akatutazama kama tuliochelewa kuleta madaftari.

"Nimeshakaa na madalali wengi," alisema. "Wote wameniuliza nina kiasi gani. Hakuna aliyeniuliza nyumba ni ya nani."

"Nyumba ni ya nani, Mwalimu?" Luhende akauliza.

"Ya mama yangu. Amezeeka, yuko peke yake kijijini, macho yanamwishia. Nataka aje akae kwangu, lakini chumba ninachopanga mimi mwenyewe nageukia kitandani. Ameniambia hawezi kuja kuzeekea kwenye nyumba ya mtu mwingine. Nikipata yangu, atakuja." Akaushika mkoba vizuri. "Sasa niambie, kwa nini nikuchague wewe?"

"Kwa sababu sitakuuzia nyumba ambayo sijaiona ikinyeshewa."

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza. "Huyu ndiye," aliniambia mimi, kana kwamba Luhende hayupo. "Kuna mmoja anaitwa Spidi ameniahidi nyumba kabla ya Jumapili. Nikamwona mwongo palepale."

Tulimtembeza nyumba kadhaa ambazo hazikumfaa, kisha tukamfikisha Kisesa, kando ya njia ya kwenda Bujora. Mwenye nyumba aliitwa Deus, muuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa anahamia Geita. Nyumba ilikuwa ya kawaida, imekaa chini ya mteremko wenye mawe na vichaka. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wake wa kutokea uani na dirisha lililopokea jua la asubuhi. Mwalimu aliingia humo. Maneno yakamwisha.

Luhende akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Baada ya muda Mwalimu alitoa simu, akampigia mama yake na kuiweka kwenye spika. Walizungumza Kihaya, kisha sauti ya kizee ikageukia Kiswahili. "Huyo dalali yuko hapo? Nimsikie."

"Shikamoo, mama," Luhende akasema, akiinamia simu.

"Marahaba. Hapo pana udongo au ni mawe tu? Nasikia Mwanza mnalala juu ya mawe kama mijusi."

"Udongo upo, mama. Nyuma ya jiko."

"Mgomba utakaa?"

"Utakaa."

"Basi. Nyumba isiyo na mgomba ni stoo."

Tulicheka wote. Kisha Luhende akazunguka nyuma ya nyumba na mimi nikamfuata. Pale chini ya ukuta kulikuwa na mstari wa mchanga mwembamba, umelala kama ulivyoachwa na maji, na tofali za chini zilikuwa na doa jeupe la chumvi. Niliuona mteremko. Nilijua maji yote ya kilima kile yakishuka yatafika wapi. Tuliomba maji ya kunywa kwa majirani wa kushoto, na wa ng'ambo ya barabara pia. Wote walikuwa wamehamia karibuni, na hakuna aliyewahi kuiona nyumba hiyo katika mvua kubwa.

"Mwalimu," Luhende akasema tuliporudi, "hii tuingojee mvua."

"Na isiponyesha?"

"Vuli haiko mbali. Itanyesha."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Binti, wewe umesomea mambo haya. Unasemaje?"

Katika miaka yote niliyofanya kazi na Luhende sikuwahi kupewa nafasi nzuri kama ile ya kumpinga. Nilikuwa na swali lile lile la Mwalimu kichwani, la mvua isiponyesha. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na kilima mbele yangu, na miguu. Nikasema, "Tusubiri, Mwalimu."

Deus aliposikia alishika kiuno. "Mvua? Kwani nyumba yangu ni sukari?"

"Tupe muda kidogo," Luhende alimwomba.

"Nitawapa. Lakini mimi nikivuka Busisi kwenda Geita sirudi huku kuonyesha nyumba. Msinizeeshe."

Mwaka ule vuli ilituchezea. Mawingu yalijikusanya ziwani kila siku, meusi, ya kutia moyo, kisha yakanyesha hukohuko ziwani ambako hakuna anayeuza nyumba. Kisesa vumbi likazidi. Mwalimu alikuwa akipita ofisini, anakaa kwenye kiti chake, na sote watatu tunatazama mlangoni kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Mama yake alipiga simu mara kwa mara kuulizia hali ya hewa ya Mwanza.

"Huku inanyesha tangu jana," alisema siku moja. "Nimwambie kondakta wa basi awaletee kwenye ndoo?"

Hakuleta mvua. Alituma chipukizi la mgomba, limefungwa kwenye kipande cha gunia, likiwa na udongo wa shambani kwake. Mwalimu alilipanda kwenye ndoo tupu ya rangi, akaiweka mlangoni pa chumba alichopanga. Alituambia mama ameshapanga nguo zake kwenye sanduku, na kila jirani akija kumsalimia anamuaga.

Kisha Spidi akaja ofisini. Hakuja kwa ubaya, nadhani alikuja kupumzika. "Mzee Masika, nimekutua mzigo," alisema. "Ile ya Kisesa imekwenda. Kuna jamaa wa mabasi, kaiona asubuhi, kalipia."

Luhende alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Aliuliza kuhusu maji?"

"Aliuliza kama kuna pa kuegesha gari."

Nilimpigia Mwalimu mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa na majibu yake: mchanga, chumvi, mteremko. Alisema tu, "Basi haikuwa yetu. Endeleeni kutafuta. Nimwambie mama asifungue sanduku." Aliamini tumemwepusha na balaa. Na sisi tuliamini hivyo.

Tuliendelea kutafuta, na jua likaendelea kuwaka. Kabla hatujapata nyingine, Mwalimu alipigiwa simu kutoka kijijini kwamba mama amezidiwa. Alisafiri siku hiyohiyo. Alimkuta, wakazungumza, na mama yake akafariki wiki hiyo. Sanduku, tuliambiwa baadaye, lilikuwa bado limefungwa.

Mvua ilikuja Mwalimu akiwa bado msibani. Ilikuja mchana, kubwa, ile inayofanya mabati yazungumze mpaka watu wananyamaza. Nilifunga ofisi nikachukua bodaboda hadi Kisesa, nikilowa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nataka nyinyi mnaoanza kazi mjue nilikwenda kwa ajili gani. Nilikwenda nikiomba maji yaingie. Humo ndani kulikuwa na watu ambao hawajanikosea lolote, na watoto, na mimi niliomba sebule yao ifurike ili tuwe tumefanya jambo la maana.

Chini ya upenu wa duka, ng'ambo ya nyumba ile, alikuwa amesimama mtu mwenye koti la mvua.

"Msomi," alisema Luhende. "Umefuata nini huku?"

"Nimepita tu. Na wewe, mzee?"

"Na mimi nimepita tu."

Tukasimama bega kwa bega tukiitazama. Barabara iligeuka mto. Maji yalishuka kila upande wa kilima isipokuwa ule tulioutegemea. Mwanamke wa nyumba ile alitoka kibarazani na kuweka beseni akinge maji ya bati, kisha akarudi ndani taratibu, kama mtu ambaye sakafu yake ni kavu.

"Haiwezekani," nilisema.

"Twende juu," alisema Luhende.

Tulipanda tukishika mawe. Hatukupanda sana. Nyuma ya vichaka, mahali ambapo tukiwa chini tuliona majani tu, kulikuwa na mtaro mpana uliojengwa kwa mawe, umekata kilima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yote yaliyokuwa yanakwenda kwenye nyumba ya Deus yaliingia humo, yakapinda, yakaenda zake korongoni. Bibi mmoja aliyejifunika beseni kichwani alitoka kwenye nyumba ya jirani kututazama.

"Mnatafuta nini, mtaloa!"

"Mayu, huu mtaro ni wa lini?" Luhende akamuuliza kwa sauti, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wa zamani. Marehemu mzee wangu aliuchimba na wanangu. Maji yalikuwa yanawatesa wa pale chini, kabla hata Deus hajanunua."

"Sisi tulikuja kiangazi, hatukuuona."

"Kwani mlipanda huku?"

Mchanga ule chini ya ukuta ulikuwa wa maji ya zamani, kama Luhende alivyonifundisha mwenyewe. Na jibu la mwaka huu lilikuwa pale juu muda wote, kavu, linaonekana na mtu yeyote mwenye viatu. Luhende hakupanda kwa sababu kanuni yake ilikuwa kungoja mvua, na ilikuwa imemfaa miaka mingi. Mimi sikupanda kwa sababu ya Luhende.

Njiani kurudi alisema, "Tutamwambia."

"Ili iweje, mzee? Ametoka kuzika."

"Ili akituacha, atuache akijua kwa nini."

Mwalimu aliporudi tulikwenda kwenye chumba chake. Tulimpa pole, kisha Luhende akamweleza yote, bila kupunguza na bila kujitetea. Yeye alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo ilikuwa salama," alisema.

"Ilikuwa salama, Mwalimu."

Akanigeukia. "Na mtaro ungeonekana hata kiangazi?"

"Ungeonekana," nilisema.

"Nilikuchagua kwa sababu ya mvua," alimwambia Luhende. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayekumbuka njia aliyopitia. Kisha akainuka, akawasha jiko, akatuwekea chai. Luhende alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakuweza kunywa. Nilijua ni chai ya nani aliyokuwa anaifikiria.

Tulipokuwa tunaaga, Mwalimu alisimama mlangoni karibu na ile ndoo ya rangi. Chipukizi lilikuwa limetoa jani jipya. "Mnitafutie nyingine," alisema. "Huu mgomba utapasua ndoo."

"Mwalimu, Mwanza ina madalali wengi," Luhende akasema.

"Najua. Nimekaa nao. Hao nao watanikosea, ila nitakuwa sijui wapi. Nyinyi nimeshajua. Mtapanda kilima."

Tulipanda. Tulimpatia nyumba Buswelu, ndogo kuliko ile ya Kisesa. Kabla sijatazama mlango nilikuwa nimeshaizunguka na kupanda kilima kilicho juu yake mpaka nikapata mikwaruzo. Masika yalikuwa yameshaanza, basi na mvua tuliiona. Siku ya kuhamia Luhende alichimba shimo nyuma ya jiko, tukauhamisha mgomba pamoja na udongo wake wote wa Kagera.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, na niliifanya vizuri. Lakini nilikuwa nikimwona mteja akiniamini, natamani kumwambia aende kuuliza na kwingine. Mtu hawezi kudumu kwenye udalali akiwa na tamaa hiyo. Nyinyi mnaoanza, wateja watakuja kuwauliza uzoefu wenu. Waelezeni nyumba ya Kisesa, hata kama hamkuwepo. Mteja akiondoka baada ya kuisikia, mfungulieni mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda Buswelu kumuaga Mwalimu. Mgomba umezaa, na watoto wake wamejaa nyuma ya jiko. Alinifungia ndizi za kupeleka nyumbani, akaniuliza nitafanya nini sasa, nikamwambia sijui, akasema hilo ni jibu zuri kwa mtu mwenye shahada. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe."

Alifungua chumba cha nyuma. Wakati tunamuuzia kilikuwa kitupu. Sasa kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa shuka jeupe, mkeka chini, na sanduku la bati kando ya ukuta, limefungwa. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limefika hadi kwenye mto.

"Ndicho hiki," alisema Mwalimu.

Nilisimama mlangoni nikanyamaza, nikamwacha atazame.